Sifa ya Kikombe cha Kwanza

Kigoma, 12 Novemba 2000

Dada yangu Daphrose,

Shakuru ameshuka melini asubuhi hii na kunipa habari yako kabla hata hajanisalimu: Loïc anaoa! Mwanangu wa pekee anaoa, nami naambiwa na fundi wa mashine ya meli, mafuta yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Mpangaji mwenzangu alitoka chumbani kunipa pole, alidhani nimefiwa.

Kuja siwezi, unajua. Wale watu waliokuja kuniulizia bandarini mwaka wa tisini na sita bado wapo huko Bujumbura, na ule mkataba wa amani wa Arusha wa mwezi wa nane sidhani kama wameusikia. Kwa hiyo sitasimama uani kwa Sylvère kumwombea mwanangu binti yake. Tafuta mzee wa kunisemea, yeyote asiyekuwa na kigugumizi. Lakini vinywaji nitavichagua mimi. Au umesahau ni nani aliyekuwa akichagua vinywaji vya ukoo mzima tangu tulipokuwa Buyenzi? Duka ni lako, dada, ulimi ni wangu.

Sikiliza basi. Sylvère ni mtu wa ofisi, anapenda divai. Mpelekee nyekundu, ya chupa, si ile ya katoni. Vijana wape bia za kreti, wao hunywa chochote kilicho baridi. Ila wazee watakaa kuzunguka chungu, na chungu hicho lazima kiwe cha pombe ya mtama ya Jovithe wa Gasenyi. Impeke yake haina mpinzani Bujumbura nzima, na hilo hata wewe muuza chupa unalijua.

Na ufanye kama alivyokuwa akifanya marehemu baba. Mtu wa nyumba yetu aende mwenyewe kwa Jovithe, aonje pombe iliyo kwenye chungu siku hiyo, na akiridhika ndipo Jovithe aloweke mtama wetu. Asitumwe mtu baki. Pombe ya kuposea haionjwi na mgeni.

Mimi sitakuwepo. Wazee wale wakiinamia mirija yao, pombe hiyo ndiyo itakayowaambia kwamba kijana huyu ana baba.

Mdogo wako,
Télesphore


Mutanga Nord, Bujumbura, 3 Desemba 2000

Mdogo wangu Télesphore,

Hujambo wewe na huo ulimi wako? Sisi tupo. Duka lipo, umeme unakuja ukipenda, na wateja wangu wa zamani wanaonunua divai wamebaki wachache, wengine wamehama na wengine sitaki kuwataja leo.

Divai nimeshughulikia. Niliwaketisha Loïc na Joëlla wake nyuma ya kaunta, nikawafungulia tatu: ya Ureno, ya Afrika Kusini, na moja ya Ufaransa ambayo karatasi yake imeliwa na unyevu, hata jina halisomeki. Ungemwona mwanao! Anazungusha glasi kama waziri. Ile ya Ureno alipoimeza tu akafumba macho. "Apana Tanti, hii ni dawa ya kikohozi. Ukimupa beau-père hii, atanipa mutoto wake na ordonnance ya daktari." Joëlla alicheka mpaka akajimwagia. Ni msichana mzuri, Télesphore. Hana makuu, na anamtazama Loïc kama mtu anayesikiliza redio yenye habari njema.

Wamechagua ya Afrika Kusini. Loïc amechukua chupa nyingine ya aina hiyo, akaifunga uzi mwekundu shingoni na kuipandisha rafu ya juu kabisa, nyuma ya mishumaa, eti nisije nikaiuza kwa bahati mbaya. Ananijua.

Sasa habari ya Gasenyi. Nakuomba uniachie hilo. Njia ya kule siyo ile unayoikumbuka. Watu wanalala na viatu miguuni, na kuna siku tunasikia milio kutoka vilimani mpaka hapa dukani. Hapa Mutanga kuna mama mmoja anapika urwarwa, pombe safi ya ndizi. Wazee nitawapa hiyo, nitaongeza bia za kreti, na hakuna atakayekufa kwa kiu. Kubali, mdogo wangu.

Dada yako,
Daphrose

Papa, ni mi Loïc. Tanti ananipa kakipande hiki tu ka kuandika. Usijali juu ya pombe, tutafanya vile unataka. Ningependa ungekuwa hapa, ni ile tu.


Kigoma, 7 Januari 2001

Dada,

Barua yako nimeisoma na hasira zimenipanda mpaka nikaacha chakula. Bia za kreti kwa wazee! Hizo ni za watu waliokuja kutazama mpira. Na urwarwa ya jirani? Sylvère anakunywa urwarwa kila Jumamosi, atajuaje kwamba siku hiyo ni siku?

Nimekaa huku mwaka wa tano. Sikumpeleka Loïc chuo kikuu, umempeleka wewe. Sikumnunulia suti, utamnunulia wewe. Sikatai, na Mungu akulipe. Lakini nimebakiwa na kitu kimoja tu cha kumfanyia mwanangu, nacho ni chungu kile. Ukikiondoa, basi mwambie Sylvère waziwazi kwamba kijana hana baba, ana shangazi mwenye duka.

Msomee Loïc barua hii. Yeye ataelewa.

Nimefurahi kwamba siku imepangwa, Jumamosi ya tarehe kumi Machi. Jovithe anahitaji siku kumi tangu kuloweka mtama, kwa hiyo onjeni mapema. Na hiyo divai ilazwe, isisimamishwe.

Télesphore


Mutanga Nord, 6 Machi 2001

Baba Mwanasiti,

Nakuandikia wewe Shakuru kwanza, na barua ya Télesphore nimeiweka ndani ya hii. Nimempa nahodha wa meli nyingine kwa kuwa nimeambiwa mashine yenu imekwama huko Kigoma. Tafadhali usimpe yake kabla hujasoma yako.

Loïc amekufa.

Jumapili ile vita vilipoingia Kinama, yeye alikuwa Gasenyi, jirani ya huko. Alitoka misa, akala mkate amesimama, akachukua baiskeli. Nilimsomea barua ya baba yake kama nilivyoagizwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumzuia. Nilisimama mlangoni nikamwambia asiende. Akaniambia: "Tanti, papa anataka mutu wa nyumba aonje. Sasa mi ndo mutu wa nyumba. Ntarudi mbele chakula haijaiva."

Milio ilianza nikiwa bado nakosha vyombo. Siku zilipita hatuwezi kusogea kule. Tulipofika, tulimkuta uani kwa Jovithe, yeye na Jovithe mwenyewe, wote wawili maiti chini ya ukuta, na vyungu vyote vimepasuka. Risasi ya nani, hatujui, na hakuna wa kumuuliza. Sijui kama aliwahi kuonja. Ni swali la kijinga, lakini ndilo ninaloamka nalo.

Tumemzika. Joëlla yuko hapa kwangu.

Nakuomba kwa jina la ule uchochoro wa Buyenzi tuliochezea wote. Télesphore akijua mtoto amekufa, atapanda meli ya kwanza aje kuliona kaburi, na wale watu watampokea pale pale gatini. Na akijua alikufia wapi, alikuwa amefuata nini, hata hao watu hawatakuwa na kazi ya kufanya, atajimaliza mwenyewe. Nina ndugu mmoja tu aliyebaki. Nisaidie asijue. Ikishindikana, ajue la kwanza, lakini la pili asilijue kamwe.

Daphrose


Mutanga Nord, 6 Machi 2001

Mdogo wangu Télesphore,

Najua redio imekutisha. Sisi ni wazima. Sherehe tumeiahirisha kidogo kwa sababu ya hii hali ya Kinama, Sylvère mwenyewe ndiye aliyependekeza. Loïc nimemtuma Gitega kwa rafiki zake mpaka mambo yatulie, huko hakuna shida.

Kuhusu pombe usihangaike. Jovithe aliondoka Gasenyi kabla ya vita, amehamia Ngagara kwa shemeji yake, na vyungu vyake vyote. Ngagara ni hapa karibu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kwenda mbali.

Divai imelazwa.

Dada yako,
Daphrose


Kigoma, 25 Machi 2001

Dada Daphrose,

Barua yako Shakuru alinipa bila kunitazama usoni, nikajua kuna msiba ndani. Nilipoisoma nilimfuata nikamkumbatia na mafuta yake yote. Huyu mzee ameanza kuchoka, hata utani hajibu tena.

Kwa hiyo Jovithe yuko Ngagara. Unajua niliposikia Kinama imeingiwa nilifikiri nini? Nilifikiri ile barua yangu ya Januari. Nilikaa karibu na redio ya watu siku zote zile nikisema, kama mtoto amekwenda kule kwa ajili ya ulimi wangu, mimi sina haja ya kuishi. Mungu ni mkubwa. Naona aibu sasa kwa ule ukali wangu.

Mwambie Loïc aniandikie mistari miwili tu.

Na nimeamua jambo. Siku hizi za kungoja zimenifundisha. Kama sherehe haijafanyika mpaka mwisho wa Aprili, nitakuja mwenyewe. Nimekwisha kuzungumza na nahodha, atanificha kati ya magunia. Nitasimama uani kwa Sylvère niseme neno langu, hata kama nitashikwa jioni yake.

Télesphore


Mutanga Nord, 22 Aprili 2001

Mdogo wangu,

Usije. Huna sababu ya kuja tena, kwa maana tumekwisha kumaliza! Jana, Jumamosi baada ya Pasaka, tumemposea Loïc.

Hatukuwa wengi, hali haitaki watu wengi. Uani kwa Sylvère walitandika mikeka mipya na viti vya kuazima kanisani. Loïc alivaa suti ya kijivu, imemkaa vizuri, ila mikono ni mirefu kidogo, unajua alivyo. Joëlla alitoka na mama zake wadogo, kichwa chini, lakini nilimwona akimchungulia.

Chungu cha Jovithe kilikaa katikati. Loïc mwenyewe alikwenda kukionja Ngagara, akarudi anajilamba. Sylvère akapewa mrija wa kwanza. Akavuta, akafumba macho, akasema: "Hii pombe, mi sijawahi kunywa kama hii. Mwenye kuchagua hii pombe ni mutu muzima." Wazee wote wakapiga makofi, kila mmoja akaisifu. Mzee wetu wa kusema akajibu kwamba aliyeichagua ni Télesphore, baba wa kijana, aliye mbali kwa mwili tu. Watu walivua kofia kwa heshima yako.

Divai aliifungua Loïc. Sylvère aliisifu nayo, akaomba glasi nyingine.

Loïc anasema atakuandikia picha zikishatoka. Leo ana furaha mno, hawezi hata kushika kalamu.

Ubaki huko huko. Umekwisha kuwa baba jana mbele za watu.

Dada yako,
Daphrose


Kigoma, 9 Mei 2001

Mama Daphrose,

Salaam nyingi. Mimi si mwandishi, utanisamehe.

Barua yako nilimpa. Aliwaita majirani, akanunua bia, na mimi akaninunulia fanta, akawasomea kwa sauti. Pale kwenye makofi alipunguza sauti. Halafu akairudia sehemu hiyo peke yake, kimya, huku watu wanamngoja. Aliikunja bila kumaliza.

Kesho yake akanifuata melini, chini kwenye mashine. Akaniuliza: "Shakuru, we ulikuwa kule Buja ile siku ya sherehe. Mutoto wangu ulimuona?" Nikamwambia mi nilikuwa na kazi ya pampu. Akasema: "Basi weka mukono ku kifua, useme Wallahi Loïc yuko muzima. Ukisema, naenda zangu."

Mama Daphrose, nimekufichia mengi. Nilibeba barua zile nikijua kilichomo, na Mungu ataniuliza. Lakini kiapo kile hakikutoka. Nilikaa nimeshika spana. Yeye akakalia pipa la mafuta, hakulia, akawa anasema tu "bon, bon, bon". Nilimwambia ni siku zile za vita, na kwamba mmemzika vizuri. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Habari ya Gasenyi hakuniuliza, nami sikufungua mdomo. Hilo bado unalo wewe.

Shakuru bin Atumani


Kigoma, 13 Mei 2001

Dada yangu,

Usimlaumu Shakuru. Nilijua kabla hajaniambia, nilijulia kwenye barua yako.

Dada, wakwe gani wa kwetu wanaosifu pombe kwenye kikombe cha kwanza, au huo mrija wa kwanza? Kikombe cha kwanza hulalamikiwa! Watasema ni kali, watasema ni kidogo, watasema bibi zao wamesahauliwa kule ndani. Wewe unabembeleza, unaongeza, unatania, mpaka wacheke na kukubali. Hiyo ndiyo sherehe yenyewe. Umekaa kwenye sherehe za namna hiyo tangu ukiwa msichana, na mwaka ule wa harusi yako wajomba zetu walilalamika mpaka shemeji akataka kuondoka na chungu chake. Wewe usingeweza kuandika wakwe watamu hivyo. Mtu anayelia tu ndiye anayeweza kusahau kitu kama kile.

Nilisoma nikaona hakuna sherehe. Na kama hakuna sherehe, na Loïc hawezi kuandika mistari miwili, basi hakuna Loïc.

Sina hasira na wewe. Ile suti ya kijivu naiona mpaka sasa, na ile mikono mirefu. Umenipa Jumamosi moja ambayo mwanangu alioa, na kuna wakati nairudia kuisoma kana kwamba sijui. Nimechoka, Daphrose. Sijui mtu anaamka kwa ajili ya nini. Naamka tu.

Kuja siji tena. Nimjie nani?

Sikuulizi alikufaje. Najiambia alikuwa anatoka misa, amevaa vizuri. Nimeshika jambo moja tu, na hilo ndilo linaloniwezesha kula: kwamba Jovithe alikuwa amekwisha kuhamia Ngagara, na kwamba hakuna mtu aliyekwenda Gasenyi kwa sababu ya ukaidi wangu. Kama si kweli, niambie katika barua yako ijayo. Ukilinyamazia, nitajua pia. Sema moja kwa moja, alikwenda au hakwenda.

Na siku mtakapoondoa matanga, kuganduka kama tunavyoita sisi, nataka pombe iwe ya Jovithe. Kijana alikuwa ameahidiwa pombe hiyo, basi aipate. Wewe ndiwe mtu wa nyumba sasa, uionje kwenye chungu mwenyewe. Kisha uniandikie siku hiyo ilivyokuwa, yote.

Télesphore


Mutanga Nord, 2 Septemba 2001

Mdogo wangu Télesphore,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka tumalize kwanza. Jana tumeganduka.

Hakwenda. Hakuna mtu wa nyumba hii aliyekwenda Gasenyi. Alikuwa anatoka misa, kama ulivyosema, na alikuwa amevaa shati jeupe. Kula, mdogo wangu.

Jovithe alikuja asubuhi kutoka Ngagara na chungu kimefungwa kwenye baiskeli, kimezibwa kwa majani ya mgomba. Amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe, na mdomo ni ule ule. Sylvère alikuja na wazee wake, na Joëlla katikati yao. Walimpa Sylvère mrija wa kwanza kwa heshima ya ukwe uliokuwa uje. Akavuta. Akakunja uso. Akasema: "Hii mtama haikuota muzuri. Tena iko kidogo. Ku nyumba yangu kuko bibi tatu, wao watakunywa nini, maji ya ziwa?"

Jovithe alikasirika vibaya! Alitaka kufunga chungu chake arudi nacho Ngagara, akasema amepikia watu wakubwa kuliko huyo na hawakusema neno. Tulimshika mkono, tukambembeleza. Mimi nikaenda dukani nikaongeza chupa, nikawatumia na wale bibi, Sylvère akaendelea kunung'unika eti chupa hazijapoa. Hata kwenye matanga hakuona haya. Mwishowe akacheka, wazee wakacheka, na wakainama wote kwenye mirija.

Ile chupa yenye uzi mwekundu sikuigusa. Iko juu, nyuma ya mishumaa. Sikuwa na moyo wa kuilaza.

Pombe nilionja mimi kwanza, kwenye chungu, kama alivyokuwa akifanya baba. Ilikuwa nzuri, Télesphore. Ila sikusema.

Dada yako,
Daphrose